Chemsha bongo ya ‘Siku kama ya leo’: Tarehe 12 ambazo Likoni, Kisauni na Changamwe hazipaswi kuzisahau

MCHEZO wa kuuliza ni tukio gani lililotokea siku kama ya leo miaka iliyopita ni miongoni mwa michezo ya akili inayopendwa sana na wasomaji wa magazeti na wasikilizaji wa redio. Hauhitaji vifaa. Unahitaji kalenda, kumbukumbu na mtu mmoja wa kuuliza. Ndiyo sababu huchezwa darasani kabla ya somo la historia kuanza, barazani baada ya swala ya alasiri, na hata ndani ya feri watu wakisubiri kuvuka.

Hata hivyo, maswali mengi yanayoulizwa kuhusu Mombasa huishia kisiwani. Msomaji ataulizwa Ngome ya Yesu ilizinduliwa lini, au Vasco da Gama alitia nanga mwaka gani. Ni nadra kuulizwa kuhusu Likoni, Kisauni au Changamwe, sehemu tatu za bara zinazokizunguka kisiwa hicho kusini, kaskazini na magharibi, ingawa huko ndiko wanakolala wengi wa wale wanaokifanyia kazi kisiwa mchana.

Makala hii inakusanya maswali 12, yakifuata miezi kuanzia Januari hadi Desemba, pamoja na majibu na maelezo yake. Mwishoni yameelezwa makosa ambayo mwandalizi wa maswali ya aina hii anapaswa kujihadhari nayo.

ASILI YA MCHEZO

Desturi ya kupanga matukio ya kale kwa kufuata siku za mwaka ni kongwe. Nchini Uingereza, Robert Chambers alichapisha kitabu chake cha siku za mwaka katika miaka ya 1860, na magazeti ya lugha mbalimbali yakaiga mtindo huo kwa kutenga safu ndogo ya kumbukumbu za kila siku.

Watu wa Pwani nao walikuwa na hesabu zao kabla ya kalenda ya ukutani kuingia nyumbani. Mwaka wa Hijria uliongoza ibada. Mwaka wa jua, unaoanzia Nairuzi, uliongoza kilimo, uvuvi na safari za majahazi. Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa makundi ya kumi yaliyoitwa miongo, na nahodha alijua kwa kutaja mwongo kama upepo wa kaskazi ungali na nguvu au umekaribia kugeuka. Kujua leo ni siku ya ngapi, kwa hivyo, hakukuwa mchezo. Aliyekosea hesabu aliweza kupoteza chombo.

MASWALI

1. Mnamo Januari 2016 serikali ilianza kutoa hatimiliki kwa wakazi wa shamba moja la ekari 930 Likoni. Shamba hilo linajulikana kwa jina gani?

2. Tarehe 7 Februari inahusishwa na matukio mawili, moja la 1824 na lingine la 2025. Yataje.

3. Ni mkasa gani uliotokea katika mkondo wa Kilindini mnamo Aprili 29, 1994?

4. Tarehe 29, 30 na 31 Mei zinafuatana, na kila moja ina tukio linaloigusa Changamwe na viunga vyake. Ni matukio gani hayo?

5. Mkataba uliotiwa sahihi Zanzibar mnamo Juni 5, 1873 ulihusu nini, na ulizaa mtaa gani huko Kisauni?

6. Mnamo Julai 1844 mwanamke mmoja alizikwa upande wa bara, ng’ambo ya mji wa Mombasa. Alikuwa mke wa nani?

7. Nini kilitokea Likoni usiku wa Agosti 13, 1997?

8. Ni kiwanda gani cha Changamwe kilichosimamisha kazi yake kuu mnamo Septemba 2013, baada ya miaka 50?

9. Ni tukio gani la Septemba 29, 2019 lililoifanya nchi nzima ielekeze macho kwenye kivuko cha Likoni?

10. Ni mkataba gani uliotiwa sahihi London mnamo Oktoba 8, 1963?

11. Mnamo Novemba 28, 2002 ndege moja ilinusurika ilipokuwa ikipaa kutoka Changamwe. Ilikuwa ya shirika gani?

12. Desemba ina maswali mawili. Ni kikosi gani chenye kambi Mtongwe kilichozinduliwa Desemba 12, 1964? Na ni mnyama gani aliyeletwa Bamburi baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004?

MAJIBU NA MAELEZO

Jibu la 1: Shamba la Waitiki

Shamba hili lenye ekari 930 lilikuwa mali ya mtu mmoja mwenye hatimiliki. Lilivamiwa na maskwota baada ya machafuko ya 1997 (tazama jibu la 7), na kwa takriban miongo miwili mwenye ardhi hakuweza kulitumia, huku waliojenga juu yake wakiishi bila uhakika wa kesho yao. Serikali ililinunua kwa zaidi ya Sh1 bilioni na kuanza kuwapa wakazi hatimiliki mnamo Januari 2016. Wakazi walitakiwa kuilipia ardhi hiyo kidogo kidogo, na sharti hilo likazua mjadala mrefu.

Swali hili hustahili kuanza orodha kwa sababu suala la ardhi ndilo linaloyafunga pamoja maswali mengi yanayofuata.

Jibu la 2: Bendera ya Owen, na kifo cha Mbotela

Mnamo Februari 7, 1824 manowari ya Uingereza, HMS Leven, iliwasili Mombasa ikiongozwa na Kapteni William Owen. Watawala wa Kimazrui, waliokuwa wakitishwa na Seyyid Said wa Oman, walikuwa wameomba ulinzi wa Waingereza. Owen alikubali, miongoni mwa masharti likiwa kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Serikali yake mjini London haikuuridhia mpango huo, na kufikia 1826 ulinzi huo ulikuwa umeondolewa. Mnamo 1837 Seyyid Said aliwaondoa Wamazrui madarakani.

Miaka 201 baadaye, siku hiyo hiyo ya Februari 7, mwaka wa 2025, alifariki mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, Kisauni. Alijulikana kote nchini kwa kipindi chake cha ‘Je, Huu ni Ungwana?’ kilichoanza 1966, na kwa siku ya Agosti 1, 1982, wanajeshi walioasi walipomlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Ukoo wa Mbotela una asili yake katika watumwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town. James Mbotela, wa ukoo huo huo, ndiye aliyeandika ‘Uhuru wa Watumwa’, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1934.

Matukio haya mawili yalikutana siku moja kwa sadfa tu. Hata hivyo, la kwanza lilikuwa jaribio la mapema la kuizuia biashara ya watumwa Mombasa, na la pili lilikuwa kifo cha mjukuu wa biashara hiyo.

Jibu la 3: Kuzama kwa feri ya Mtongwe

Ijumaa ya Aprili 29, 1994 feri iliyokuwa ikihudumu kati ya Mtongwe na kisiwa ilipinduka ikiwa imejaa abiria. Idadi ya waliokufa inayonukuliwa zaidi ni watu 272, kati ya takriban 400 waliokuwa ndani. Huo ndio mkasa mbaya zaidi wa chombo cha majini uliowahi kuikumba Kenya.

Huduma ya feri katika mkondo wa Likoni ilikuwa imeanza 1937, na ile ya Mtongwe ilikusudiwa kupunguza msongamano huko. Waliokufa walikuwa watu wa kawaida katika safari ya kawaida, na walizama katika maji membamba, nchi kavu ikionekana pande zote mbili. Wapo wakazi wa Mtongwe ambao hadi leo huihesabu miaka ya watoto wao kwa kusema alizaliwa kabla ya feri au baada ya feri.

Katika orodha nyingi za matukio ya Aprili, mkasa huu haumo. Mwandalizi wa maswali akiwa na nafasi ya swali moja tu kuhusu Mombasa kwa mwezi wa Aprili, mara nyingi huichagua Aprili 7, 1498, siku aliyofika Vasco da Gama. Mreno huyo alikaa siku chache tu, akaondoka kwenda Malindi. Watu 272 hawakuondoka.

Jibu la 4: Siku tatu za Changamwe

Mei 29, 1824 alifariki Luteni John James Reitz, afisa kijana ambaye Kapteni Owen alimwacha Mombasa awe mkuu wa ulinzi wa Waingereza. Alipatwa na homa akiwa katika safari ya kusini kuelekea Pangani, miezi isiyotimia minne baada ya kupewa wadhifa huo. Jina lake lilibaki katika ghuba ya Port Reitz na katika mtaa wa jina hilo ulioko Changamwe. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi nao uliwahi kuitwa uwanja wa Port Reitz.

Mei 30, 1896 uliwekwa mtaimbo wa kwanza wa Reli ya Uganda mjini Mombasa. Ili kuitoa reli kisiwani ilibidi kujengwa daraja la mbao kwenye kivuko cha Makupa, na kutoka hapo njia ikapanda Changamwe kuelekea nyika. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901.

Mei 31, 2017 ilizinduliwa reli ya kisasa (SGR) ya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kituo chake kikuu cha Pwani hakiko kisiwani. Kiko Miritini, eneo lililokuwa ndani ya jimbo la uchaguzi la Changamwe kabla ya jimbo la Jomvu kuundwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2013.

Kati ya mtaimbo wa kwanza wa 1896 na uzinduzi wa 2017 ipo miaka 121 na siku moja. Inafaa kuongeza kwamba jina Changamwe ni kongwe kuliko reli zote mbili. Wachangamwe ni mojawapo ya Mataifa Matatu ya Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana, na wote ni sehemu ya Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo.

Jibu la 5: Mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa, na Frere Town

Mnamo Juni 5, 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya watumwa katika himaya yake. Shinikizo lilitoka Uingereza, kupitia ujumbe wa Sir Bartle Frere na kazi ya Balozi John Kirk.

Manowari za Uingereza zilipoendelea kuyakamata majahazi yaliyovunja mkataba huo, lilizuka swali la waliokombolewa waende wapi. Chama cha wamisionari cha CMS kilianzisha makao yao Kisauni kati ya 1874 na 1875, chini ya Mchungaji W. S. Price, na makao hayo yakapewa jina la Frere. Waliowatangulia huko ni Waafrika waliokuwa wamekombolewa utotoni na kulelewa Nasik, karibu na Bombay, nchini India, ambao wengine wao walifanya kazi ya ualimu na ya dini.

Kengele ya Frere Town ilipigwa kuwaonya wakazi pindi wavamizi waliotaka kuwarudisha utumwani walipokaribia. Mnara wake ungali upo, na mtaa unaouzunguka unaitwa Kengeleni. Maelfu ya abiria hulitaja jina hilo kila siku wakimwambia kondakta wa matatu awashushe, bila kujua kwamba wanataja kengele ya hatari.

Jibu la 6: Johann Ludwig Krapf

Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa katika nusu ya kwanza ya 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosina alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto naye akafa. Walizikwa bara, upande unaotazamana na mji wa kale. Krapf hakuondoka. Mnamo 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Jibu la 7: Uvamizi wa kituo cha polisi cha Likoni

Jumatano usiku, Agosti 13, 1997, kundi la watu waliojihami lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha kivukoni. Maafisa sita wa polisi waliuawa na bunduki zaidi ya 40 zikaibwa. Majengo na vibanda vilichomwa. Mashambulizi yaliendelea kwa majuma kadhaa kusini ya Mombasa, yakiwalenga hasa watu wa jamii zilizohamia Pwani kutoka mikoa mingine. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakafurushwa makwao. Uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba mwaka huo huo, na wengi wa waliokimbia hawakupiga kura.

Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, yakiwemo ya Likoni, na ripoti yake ikatolewa kwa umma 2002.

Hapa lugha yenyewe ina jambo la kufundisha. Mjini Mombasa neno ‘bara’ lina maana mbili. Likoni ni bara kwa sababu si kisiwa. Lakini ‘mtu wa bara’ ni yule aliyetoka mbali na Pwani. Vikaratasi na maneno ya 1997 viliwataka watu wa bara waondoke, na waliofukuzwa walikuwa tayari wanaishi bara. Wengine walizaliwa hapo hapo.

Jibu la 8: Kiwanda cha kusafisha mafuta

Kampuni iliyoanzishwa 1960 na mashirika ya Shell na BP kwa jina la East African Oil Refineries ilianza kusafisha mafuta Changamwe mwaka wa 1963. Baadaye serikali ya Kenya ilipata nusu ya hisa, na kampuni ikaitwa Kenya Petroleum Refineries. Mtambo wa pili uliongezwa 1974. Kufikia 2013 mitambo ilikuwa imechakaa, na waagizaji wa mafuta waliona nafuu kuleta bidhaa zilizokwisha kusafishwa ng’ambo. Usafishaji ulisimama Septemba mwaka huo, na matangi yakabaki kuwa ghala la mafuta. Kwa vijana wa Changamwe, mwaka huo ni mpaka kati ya wazazi waliopata kazi ya kudumu na watoto wanaotafuta kibarua.

Jibu la 9: Gari lililotumbukia kutoka feri ya MV Harambee

Jumapili, Septemba 29, 2019 gari dogo lililokuwa limembeba mama na bintiye liliteleza kutoka nyuma ya feri ya MV Harambee likiwa katikati ya mkondo na kuzama. Wapiga-mbizi waliitafuta miili kwa siku nyingi, na gari likaopolewa Oktoba 11. Nchi nzima iliifuata kazi hiyo, na watu wakauliza upya maswali yaliyoulizwa baada ya 1994 kuhusu usalama wa kivuko ambacho shirika la feri limekuwa likisema hutumiwa na zaidi ya watu 300,000 kwa siku.

Daraja la kuelea la watembea kwa miguu, la Liwatoni, lilizinduliwa Desemba 2020. Barabara ya Dongo Kundu nayo imewapa wenye magari njia ya kutoka Miritini hadi Pwani ya Kusini bila kupanda feri. Kisauni ilikuwa imepata daraja mapema zaidi. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931, na lile la saruji likachukua nafasi yake 1980.

Jibu la 10: Mkataba wa Mwambao

Kwa mkataba wa Desemba 14, 1895, Uingereza ilipewa mamlaka ya kuutawala mwambao wa maili kumi kwa niaba ya Sultan wa Zanzibar, kwa malipo ya kila mwaka yaliyojumuisha £11,000. Kwa hivyo Likoni, Kisauni na Changamwe, sawa na kisiwa, zilikuwa kisheria katika nchi ya Sultan, huku Nairobi ikiwa koloni la Uingereza.

Kenya ilipokaribia uhuru, lilizuka swali la mwambao uende wapi. Wengine walitaka ujitawale. Tume ya Sir James Robertson ilipendekeza mwaka 1961 uunganishwe na Kenya. Mnamo Oktoba 8, 1963 mkataba ulitiwa sahihi London, na mwambao ukawa sehemu ya Kenya kuanzia Desemba 12 mwaka huo. Kabla ya hapo, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohamed Shamte walibadilishana barua zilizoahidi kuhifadhi mahakama za kadhi, uhuru wa kuabudu na hatimiliki za ardhi zilizokuwa zimesajiliwa.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito upande wa bara. Iliwalinda wenye hati. Haikuwafaa waliokuwa wameishi juu ya ardhi kwa vizazi bila karatasi, na wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo.

Jibu la 11: Arkia, shirika la Israel

Asubuhi ya Novemba 28, 2002 makombora mawili yalirushwa kuielekea ndege ya Arkia iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi ikiwa na zaidi ya watu 260. Yote yaliikosa. Karibu wakati huo huo hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa kwa bomu la gari. Raia 13 waliuawa, 10 kati yao Wakenya na watatu Waisraeli. Maswali mengi kuhusu siku hiyo humtaka msomaji aitaje ndege. Swali la haki zaidi lingeuliza ni Wakenya wangapi waliokufa.

Jibu la 12: Jeshi la Wanamaji, na Owen kiboko

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 12, 1964, siku Kenya ilipokuwa Jamhuri, na kambi yake iko Mtongwe, Likoni.

Ama kuhusu Bamburi, mtoto wa kiboko aliyekuwa amesombwa na mto hadi baharini karibu na Malindi aliokolewa siku moja baada ya mawimbi ya tsunami ya 2004. Aliletwa katika bustani ya Haller, Bamburi, akapewa jina Owen, na akajiambatanisha na kobe dume mzee aliyeitwa Mzee. Urafiki wao uliandikwa vitabuni kote duniani. Bustani yenyewe ilikuwa machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji 1954, ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka wa 1971.

MAKOSA YA KUEPUKA

Anayetaka kuandaa maswali kama haya kwa shule, redio au baraza lake atazame mambo manne.

Kwanza, kalenda yenyewe iliwahi kubadilika. Ureno iliacha kalenda ya zamani ya Kirumi mwaka wa 1582. Aprili 7, 1498, siku Vasco da Gama alipofika Mombasa, kwa hesabu ya kalenda ya leo ni Aprili 16. Anayesherehekea ‘siku kama ya leo’ mnamo Aprili 7 anafuata jina la tarehe, si mahali jua lilipokuwa.

Pili, mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11. Tukio lililoandikwa katika hati ya Kiarabu kwa mwezi wa Ramadhani haliwezi kupewa mwezi mmoja wa Kizungu bila kujua mwaka wake.

Tatu, kwa Mswahili siku huanza jua linapotua. Uvamizi wa Likoni ulitokea usiku wa Agosti 13. Mkazi aliyeponea chupuchupu anaweza kusema ulikuwa usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani Agosti 14, na asiwe amekosea. Swali lisimnyime alama.

Nne, kutia sahihi si sawa na kutekeleza. Mwambao ulikabidhiwa kwa maandishi Oktoba 8, 1963, na kwa vitendo Desemba 12. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini kengele ya Kisauni iliwekwa kwa sababu wavamizi hawakukoma siku ile.

KUJIPIMA

Aliyepata majibu 10 na zaidi anaijua Mombasa Bara vyema. Aliyepata kati ya 6 na 9 anaijua kwa kuipitia. Aliyepata chini ya 6 asivunjike moyo, kwa kuwa mengi ya haya hayafundishwi darasani. Wapo wazee wa Mtongwe, Kengeleni na Port Reitz ambao wangeyajibu bila kufungua kitabu, na idadi yao hupungua kila mwaka. Mwanafunzi anayetaka swali la 13 akamuulize mmoja wao Aprili 29, 1994 alikuwa wapi, aandike jibu, na aweke tarehe.